Maswali na Majibu: Saa za Mapambo za Paris na Siku ya Saa Kumi

Swali: Nimeona picha ya saa ya Ufaransa, ya wakati wa Mapinduzi, yenye namba 1 hadi 10. Inasomwaje?

Sheria ya 24 Novemba 1793 iligawa siku nzima, usiku wa manane hadi usiku wa manane, kuwa saa 10 za dakika 100, na kila dakika sekunde 100. Saa yao moja ni dakika zetu 144. Hesabu saa zilizopita tangu usiku wa manane, ugawe kwa 2.4. Saa tisa alasiri zimepita saa 15; 15 ÷ 2.4 ni 6.25, yaani saa 6 na dakika 25. Saa sita yetu ya mchana kwao ni saa 5 kamili.

Swali: Kwa nini saa hizo ni adimu?

Zililazimishwa kuanzia 22 Septemba 1794, zikasimamishwa 7 Aprili 1795 na sheria ileile iliyoweka mita na gramu. Kwa muda mfupi hivyo, zilitengenezwa chache. Tena mafundi wengi waliweka duru mbili kwenye uso mmoja, ya zamani na mpya, mnunuzi aweze kusoma zote.

Swali: Muuzaji anadai yake ni ya asili. Nitaipimaje?

Usianzie kwenye uso. Uso hubadilishwa kirahisi. Pima gia. Kama ina akrabu (mkono wa saa) ya dakika 100, izungushe mbele mzunguko mmoja kamili. Akrabu ya saa lazima isogee namba moja kamili, nyuzi 36. Ikisogea nyuzi 30 tu, ndani mna mtambo wa kawaida wa saa 12 uliovishwa uso mwingine: ikianzia kwenye 10, baada ya mizunguko kumi itakuwa imepita 8 kidogo tu, badala ya kurudi ilipoanzia. Kisha tazama nyuma ya uso: matundu ya misumari yaliyozibwa ni dalili mbaya. Kipimo hiki hakifai kwa saa ambazo akrabu moja huzunguka mara moja kwa siku na kusoma duru zote mbili. Hizo mpe fundi azifungue.

Swali: Saa yangu ya kawaida ya Kifaransa inaonyesha tatu, inagonga nane.

Ni gurudumu la kuhesabia, lile lenye pengo zisizolingana kwenye bamba la nyuma. Halijui akrabu zilipo. Linafuata zamu yake tu, na mtu akirudisha akrabu nyuma, zamu inapotea. Jaza springi ya kengele. Akrabu ya dakika ikiwa imepita 12 kidogo, inua taratibu wenzo unaoingia kwenye pengo, uuache, igonge. Rudia, bila kuhesabu pigo moja la kila nusu saa, hadi igonge tatu.

Swali: Nisugue dhahabu iliyopakwa kwenye saa kwa dawa ya kung'arishia shaba?

Hapana! Dhahabu hiyo ilipakwa kwa zebaki, nayo ni nyembamba. Dawa ya kung'arishia huila ukabaki na shaba tupu. Tumia brashi laini kavu tu.