Kiti Hakifanyi Kazi: Barua kwa Binti Yangu

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako na nimeuelewa. Unasema kampuni yenu inaachia moja ya ghorofa zake mbili pale Masaki, na kila mfanyakazi ametakiwa achague kabla ya mwisho wa mwezi: ama afanye kazi nyumbani moja kwa moja, ama aende ofisini siku tatu kwa wiki, nawe unauliza lipi lina nafuu kwa mtu anayekaa Bunju na mwenye mtoto anayenyonya. Kuhusu foleni ya Barabara ya Bagamoyo na unyonyeshaji sina la kukufundisha. Mimi ningeanzia kwingine: huyo atakayekupandisha cheo ataijuaje kazi yako?

Wewe na kaka yako mmezoea kunicheka kwamba nina neno moja tu, kwamba kiti hakifanyi kazi. Nalisema tena, kwa kuwa mlikuwa wadogo na hamkuyaona yaliyonifanya nilishike. Enzi zetu pale masjala, yaani ofisi ya kutunzia majalada ya wizara, daftari la mahudhurio lilikaa mapokezi hadi saa 1:30 asubuhi; ikitimu, Afisa Utawala alichukua rula na kalamu ya wino mwekundu, akapiga mstari chini ya sahihi ya mwisho, akaondoka nalo. Aliyechelewa alilifuata ofisini kwake, akatia sahihi chini ya mstari huku bwana mkubwa akimtazama. Mwaka ule pumu ya kaka yako iliposhika kasi, nilikuwa natoka wodini na nguo za jana, napanda daladala moja kwa moja hadi kazini, na sahihi zangu nyingi ziliangukia chini ya mstari. Asubuhi mojawapo nilikuta masjala imepinduliwa yote: jalada lilikuwa linatakiwa kwa Katibu Mkuu na halionekani. Nikafungua daftari la kutolea majalada, nikaona lilichukuliwa na afisa aliyekuwa likizo, nikaomba kabati lake lifunguliwe. Likafika kwa Katibu Mkuu kabla ya chai ya saa nne. Hakuna aliyesema lolote. Baadaye nafasi ya mkuu wa masjala ilikwenda kwa mwenzangu ambaye kila siku alisaini wa kwanza, akatundika koti kitini, kisha akashinda dukani kwake Kariakoo. Koti lilikuwa kazini! Wakati huo tathmini ilikuwa ya siri, mkuu anaandika nawe huoni, hivyo aliyoyaandika juu yangu sikuyasoma kamwe. Mwaka 2004 ulipoletwa mfumo wa OPRAS, yaani upimaji wa wazi wa utendaji kazi, mtumishi akawa anakaa na mkuu wake na kukubaliana malengo kwa maandishi, nilifurahi kama mtu aliyelipwa deni la zamani, ingawa wapo waliojaza fomu zile siku ya mwisho kwa kunakili za mwaka uliopita.

Kwa hoja hiyo ungetarajia nikuambie ubaki nyumbani, na ndivyo nilivyokusudia kuandika. Lakini najiuliza: pa kulitafuta lile jalada nilipajuaje? Nilijifunza kwa mzee mmoja wa masjala ambaye hakuwahi kunikalisha chini anifundishe; nilikuwa namsikia tu akinung'unika anaposoma, akianza na folio ya mwisho, yaani karatasi yenye namba ndani ya jalada, na kurudi nyuma, akigonga meza kila alipokuta namba imerukwa. Hayo hayakuwa katika waraka wowote. Vijana wenu walioajiriwa tangu mlipopelekwa nyumbani mwaka 2020 kwa sababu ya korona wanamsikia nani akinung'unika?

Tena, wizara zilipoanza kuhamia Dodoma baada ya tangazo la Julai 2016 (uamuzi wenyewe ulikuwa wa 1973, na wengi tulikwisha kuukatia tamaa), sisi tuliobaki kwa muda Dar es Salaam kufungasha majalada tulibaini kwamba mambo yanazungumzwa kule kwenye ngazi na mgahawani, nasi tunaletewa dokezo la maandishi wakati shauri limekwisha iva. Kilomita zaidi ya 400 si mchezo. Siku hizi dokezo linapita katika mfumo wa Ofisi Mtandao na linaidhinishwa mtu akiwa popote, jambo ambalo lingeniokolea mgongo wangu. Lakini yale ya kwenye ngazi hayaingizwi katika mfumo. Sawa, na kiti bado hakifanyi kazi. Unaona ninavyozunguka.

Kuna na hili. Jalada halikuruhusiwa kutoka nje ya ofisi, kwa hiyo ikifika saa 9:30 alasiri nilifunga masjala na kazi ikabaki humo, hata kama ingetaka kunifuata. Wewe nilipokuja kwako Pasaka nilikuona unanyonyesha saa tatu usiku huku unajibu ujumbe wa kazi kwa kidole gumba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Saa zako za sebuleni anazihesabu nani?

Basi kabla hujajaza fomu yao, mwombe bosi wako akueleze kwa maandishi atakayechagua nyumbani atapimwa kwa lipi na nani atakayempima, na umuulize waliopandishwa vyeo mwaka huu walikuwa wanafanyia kazi wapi. Hilo la pili usiliache, hata akijibaraguza. Habari ya nani atalipia bando na umeme wa luku inaweza kusubiri. Jibu langu ninalo, na limenikaa ulimini tangu nilipoanza kuandika, lakini sitaki uje useme mama ndiye aliyekuchagulia. Akishakujibu nipigie, ukinibana siku hiyo, nitasema.

Mama yako