Yangeyange wangu wanatoka doa jeupe tu

SWALI: Mambo mhariri, niko safarini napita fukwe na mabwawa napiga picha ndege, lenzi yangu ni ya milimita 300, sasa yangeyange wakiruka wanatoka ukungu, manyoya yanakuwa doa jeupe tupu, halafu nikisogea kidogo tu wanaondoka. Nakosea wapi?

JIBU: Poa ndugu yangu, hujakosea sana. Kamera ikiona tope jeusi limejaa kwenye fremu inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, ndege mweupe anaungua, so punguza mwanga kama stopu moja hivi (yaani ubaki nusu) mpaka uone mistari ya manyoya kwenye skrini. Wakiruka weka spidi ya shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga) 1/2000 ya sekunde, ISO (kamera inavyohisi mwanga) ikipanda iache ipande, chengachenga kwenye picha zinavumilika ila ukungu hauponi. Na acha kuwafukuzia bwana! Maji yakianza kujaa yanawasukuma wenyewe kuja ufukweni, we wahi, jua liwe mgongoni, lala kifudifudi lenzi iwe usawa wa jicho lake, tulia (utachafuka, ndo hivyo). Ukiona kaacha kula kanyoosha shingo ujue ushamkera, rudi nyuma, na penye viota usikae kabisa. Jioni futa kamera na kitambaa chenye unyevu kidogo, chumvi inakula vyuma.