Moduli haihitaji zoezi

Swali la wiki hii limetoka kwa msomaji wa Morogoro anayefundisha kompyuta chuoni. Anaandika: "Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu tunaandaa kijitabu cha Kiswahili kuhusu lugha ya kompyuta iitwayo Prolog, hasa moduli, yaani mafungu ya programu tayari, zinazokuja na lugha yenyewe: ile ya orodha, ile ya seti na nyinginezo. Tumegombana. Mmoja anataka 'maktaba sanifu', mwingine 'maktaba ya kawaida'. Mmoja anaandika 'moduli hizi', mwingine 'mamoduli haya'. Naomba utuamulie. Nimekuwekea sentensi moja ya rasimu uone mtindo wetu: 'Kabla ya kutumia append, mtumiaji anatakiwa kufanya zoezi la uagizaji wa moduli ya orodha, ili kuwezesha zoezi la uunganishaji wa orodha mbili kufanyika.' Pia, ile nth0 tuieleze vipi?"

Marahaba. Nitaanza na uliyoyauliza, kwa kuwa ni mepesi, kisha nitahamia kwenye hiyo sentensi, ambayo hukuiuliza na ambayo imenipoozea chai.

Andikeni "maktaba sanifu". Kilicho cha kawaida ni kile kisicho na la kusimulia, na maktaba ya kawaida ni ile ya wilaya yenye viti vya mbao na gazeti la juzi. "Sanifu" tuliipata kwa Waarabu, kwenye mzizi wa kupanga na kutunga, na Kiswahili chenyewe kimeivaa tangu kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, iendeleze Kiunguja kuwa msingi wa lugha ya vitabuni. Neno halidai ubora. Linasema tu kwamba watu walikaa, wakapatana. Hapo ndipo kuna kichekesho kidogo, maana kwa upande wa Prolog hawakupatana sana. Waraka wa viwango vya kimataifa wa mwaka 1995 haukuziweka append wala member kati ya viarifu vyake vya lazima (kiarifu ni uhusiano uliopewa jina, nitakieleza chini), ingawa kila mwanafunzi hukutana navyo wiki ya kwanza. Mwaka 2000 ikatoka sehemu ya pili, ya moduli, na watengenezaji wengi wakaiweka kando, kila mmoja akabaki na lahaja yake. Hata hivyo "sanifu" inafaa: ndiyo maktaba inayofika pamoja na lugha, si ya kuokotwa njiani.

"Moduli" ni Kilatini kilichotufikia kwa kupitia Ulaya, kipimo kidogo kwa asili yake. Iko ngeli moja na programu, bajeti na teknolojia: moduli hii, moduli hizi. "Mamoduli" ni ndugu wa "maprogramu". Vijiweni yaishi salama, kitabuni yasiingie.

Sasa tuje kwenye zoezi.

"Kufanya zoezi la uagizaji wa moduli." Tazama maneno matano ya mwanzo: kufanya, zoezi, la, uagizaji, wa. Wapagazi watano, mzigo mmoja, na mzigo wenyewe ni kitenzi kimoja ambacho kingeweza kutembea kwa miguu yake. Halafu, kama vile hiyo haitoshi, kabla sentensi haijapumua linakuja zoezi la pili, la uunganishaji, nalo linawezeshwa, nalo linafanyika.

Zoezi limetokana na kuzoea. Mtu huzoea, mwingine humzoeza, na kinachomzoeza ni zoezi. Kwa hiyo zoezi ni jambo linalorudiwa mpaka mwili au akili ilishike. Zoezi la tatu ukurasa wa arobaini ni zoezi. Askari wanaoruka kamba alfajiri wako mazoezini. Kupiga kura si zoezi, isipokuwa kama kura ya leo ni ya majaribio, na hapo tungependa kuambiwa mapema. Sensa ya watu Tanzania ilifanyika 2012, ikafuata 2022. Kitu kinachokuja kila baada ya miaka kumi, nani atakizoea?

Neno hili lilitoroka maofisini, kwenye Kiingereza cha mafaili ambacho huita kila kazi ya serikali kwa jina lile lile la mazoezi ya darasani. Likaingia kwenye taarifa za habari, likashuka mitaani, na sasa limefika makaburini. Nimewahi kukaa msibani nikamsikia mshereheshaji akitangaza kwa kipaza sauti: "Tunaingia katika zoezi la kuaga mwili wa marehemu, litakalofuatiwa na zoezi la mazishi, na baadaye zoezi la chakula." Mzee aliyekaa karibu nami akaniuliza kwa kunong'ona kama mwishoni kutakuwa na vyeti. Nami nilikuwa najiuliza ni nani kati yetu aliyekuwa anazoezwa. Kuaga ni kuaga, kuzika ni kuzika. Lugha iliyo na "kuzika" haina sababu ya kukodi "kufanya zoezi la mazishi", na wali hauhitaji utangulizi wa namna yoyote.

Utasema: mwalimu, hayo ni ya msibani, sisi tunaandika kuhusu kompyuta. Ndiyo maana nimekasirika zaidi, kwa sababu katika lugha zote za kompyuta mlizoweza kuchagua, mmelipeleka zoezi kwenye ile ambayo halina hata pa kukaa.

Prolog ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel, huku sehemu kubwa ya mantiki yake ikitoka kwa Robert Kowalski aliyekuwa Edinburgh. Jina ni kifupisho cha Kifaransa cha kuandika programu kwa mantiki. Wazo lake, kama nilivyoeleweshwa na wenye subira, ni kwamba hutoi amri kwa mashine ifanye hiki, kisha kile. Unaieleza yaliyo kweli, halafu unaiuliza. Kila uhusiano unaoueleza una jina, na kwa bahati njema sarufi yetu ina neno lililokuwa likingoja kazi hiyo: kiarifu. Mwalimu wa sekondari anayegawa sentensi kwenye kiima na kiarifu tayari ameshafika nusu ya njia.

Chukueni hiyo append yenu, maana ndiyo inayoumia zaidi. Mmeandika kwamba inafanya zoezi la uunganishaji wa orodha mbili. Mwanafunzi akisoma hivyo ataelewa kwamba append ni fundi: unampa vipande viwili, anakurudishia kimoja. Kisha siku moja ataandika hivi:

append(X, Y, [embe, nazi]).

Hapa hakutoa vipande viwili. Ametoa kizima, vipande hana. Kwa maelezo yenu, zoezi haliwezi kufanyika. Lakini Prolog haina wasiwasi wowote. Inajibu kwanza kwamba X ni orodha tupu na Y ni [embe, nazi]. Ukiomba jibu jingine, X ni [embe] na Y ni [nazi]. Ukiomba tena, X ni [embe, nazi] na Y ni tupu. Majibu matatu, yote sahihi, na hakuna kilichounganishwa hata mara moja. Kilichotokea ni kutenganishwa. Muulize append([embe], Y, [embe, nazi]) atakuambia Y ni [nazi], na hapo amefanya kazi ya kutoa. Fundi gani huyu anayejenga, anabomoa na anapunguza kwa nyundo ile ile?

Si fundi. Append haifanyi kitu. Inasema kitu, nacho ni hiki: orodha ya tatu ni ya kwanza ikifuatwa na ya pili. Basi. Ukitazama maelezo ya asili ya moduli ya orodha katika SWI-Prolog, mmojawapo wa mifumo ya kuendeshea Prolog, utakuta waandishi wake nao hawakutumia kitenzi cha kutenda. Walisema tu kwamba orodha fulani ni muungano wa mbili nyingine. Walihitaji neno la kusema kitu ni kitu, na Kiswahili kinalo, lina herufi mbili: ni. Mkalipita mkaenda kuchukua zoezi.

Mkishalipata "ni", moduli nzima ya orodha itawafungukia. Member: X imo katika orodha. Oneni "imo" ilivyokaa. Lugha nyingi zingehitaji sentensi nzima, sisi tuna silabi mbili zinazosema ndani na zinazosema ipo. Reverse: orodha ya pili ni ya kwanza iliyogeuzwa. Permutation: ni vitu vile vile kwa mpangilio wowote. Select: orodha ya pili ni ya kwanza ikiondolewa X mara moja. Subtract: ni vilivyobaki. Andikeni kijitabu chote kwa "ni" na "imo", mtaokoa karatasi na mtakuwa mmefundisha Prolog, si Kiswahili cha kwenye mabango.

Jambo jingine, hili dogo, ingawa nimelicheka peke yangu. Mnasema mtumiaji "anatakiwa" kufanya zoezi la uagizaji. Katika SWI-Prolog, aliyoianza Jan Wielemaker huko Amsterdam mwaka 1987, hatakiwi. Ukiitaja append bila kuileta, mfumo huiendea wenyewe kwenye moduli ya orodha. Zoezi mlilolitangaza kwa kishindo hivyo halipo. Sisemi msifundishe kuleta moduli; programu inayotaja wazi inachokitumia husomeka vizuri zaidi, na moduli nyingine lazima uilete mwenyewe, kama clpfd ya vikwazo vya namba kamili, ambayo huja na alama zake za pekee mfano wa #=. Lakini "inafaa" na "anatakiwa" ni maneno mawili, na mwandishi wa kitabu cha mantiki asiyachanganye.

Na mbona "uagizaji"? Kuagiza ni kumwambia mtu alete, kisha kusubiri. Mtu wa Kariakoo akisikia umeagiza moduli atakuuliza kontena limefika lini na umelipa kiasi gani bandarini. Semeni kuleta. Wanaopenda "kuingiza" siwazuii, na kwa faili zima "kupakia" imeshazoeleka. Sentensi yenu basi itakuwa hivi: "Append imo katika moduli ya orodha, ilete kwanza kwa use_module(library(lists))." Ya kwenu ilikuwa na mazoezi mawili, uwezeshaji mmoja na ufanyikaji mmoja. Hii ina vitenzi vinavyojua kazi yao.

Pembeni nimeona mahali rasimu yenu inaposema Prolog "hujibu uongo". Badilisheni. Uongo ni kosa la mtu anayejua ukweli. Prolog ikikataa, inasema tu kwamba kwa iliyoelezwa imeshindwa kuthibitisha. Uliza kama nazi ni tunda katika programu iliyotaja matunda mengine bila nazi, itakataa, na wala haijamsingizia mtu. Mifumo ya zamani ilijibu kwa ndiyo na hapana. "Hapana" inatosha sana.

Sitaki mnidhanie mkali kupita kiasi. Sensa nimeshaiachia zoezi lake, na uandikishaji wa wapiga kura pia. Vita hivyo nilishindwa kitambo na watangazaji wa redio wananipita kwa idadi na kwa sauti. Mkuu wa wilaya akifungua zoezi la usafi wa mazingira naendelea kupiga mswaki. Hata lile la chakula msibani, nikiwa na njaa, nalisamehe. Lakini kitabu cha kufundisha mantiki kina wajibu ambao mkutano wa hadhara hauna: msomaji wake anajifunza kutofautisha kusema na kutenda, na ninyi mnamchanganyia vyote viwili kwenye neno moja kabla hajafika ukurasa wa pili. Kwa hiyo hapo sitoi ruhusa.

Bado nth0. Moduli ya orodha ina viarifu viwili vinavyosema kitu gani kimo katika nafasi fulani ya orodha, nth0 na nth1, na tofauti yao ni mahali pa kuanzia kuhesabu tu. Ukiuliza nth0(0, [embe, nazi], X) jibu ni embe, na ukiuliza nth1(1, [embe, nazi], X) jibu ni embe lile lile. Andikeni: "nth0 huhesabu nafasi kuanzia 0, nth1 huhesabu kuanzia 1." Embe ni la kwanza katika hesabu zote mbili, hata likikaa nafasi ya 0. Mkiandika "kipengele cha sifuri", kama nilivyoona kwenye kichwa cha sura yenu ya nne, mwanafunzi atadhani kuna kitu kabla ya embe, naye atapoteza jioni akikitafuta.