Presha 94/60 na daktari kaandika dawa: nimpe au nisubiri?

Mdogo wangu, pole na hongera kwa kuanza kazi. Umesema mgonjwa wako leo asubuhi presha imesoma 94/60, faili linataka apate amlodipini na atenololi, zote za kushusha presha, saa 2, na mwenzako wa zamu kakwambia "wewe gawa tu, daktari si kaandika". Mimi ni muuguzi, mwaka wa 14 sasa, na karibu yote nimeimalizia wodi ya magonjwa ya ndani. Jibu langu ni kwamba usimpe kwanza. Ila usiiache kimyakimya pia.

Rudia kupima wewe mwenyewe. Atulie dakika 5, aegemee, miguu isipishane, mkono ulale usawa wa moyo, na mkanda uguse ngozi, usifungwe juu ya sweta. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha kipimo, mkubwa kwenye mkono mwembamba hukishusha. Kisha shika mapigo kwa vidole, uhesabu dakika nzima, maana atenololi hupunguza mwendo wa moyo. Wodini kwetu, namba ya juu ikiwa chini ya 100 au mapigo chini ya 60, hatugawi mpaka daktari aambiwe. Kama wako ameandika viwango vyake, fuata hivyo. Wapo wagonjwa wa moyo ambao presha yao ya kila siku ndiyo hiyo 100 na bado daktari anataka dawa iendelee. Kwa hiyo uamuzi wa kusitisha usiubebe peke yako, mpigie.

Somo hili nililipata mwaka wangu wa pili kazini. Mama mmoja wa makamo alilazwa kwa kuharisha. Nyumbani alikuwa anameza enalaprili na dawa ya kukojosha, na vyote viliendelezwa kwenye faili. Asubuhi wodi imejaa, nikatazama presha ya jana jioni, nikaiona nzuri, nikamtilia vidonge kiganjani akameza na uji. Saa 4 nikasikia kishindo. Nilimkuta sakafuni kati ya vitanda viwili, kanga imemfunguka, ndala moja mguuni na nyingine bado chini ya kitanda, damu inatoka juu ya nyusi. Presha 78/40. Alishonwa nyuzi 4. Wakati namshikia kichwa akaniambia, "Samahani mwanangu, nimekusumbua." Mimi ndiye niliyekuwa na deni la samahani.

Maji yalikuwa yamemtoka kwa kuhara usiku kucha, mimi nikamwongezea dawa ya kuyatoa zaidi, pamoja na nyingine ya kulegeza mishipa. Hali hiyo haiangushi mtu tu, inaweza kuumiza na figo. Tangu siku hiyo sigawi kidonge cha presha kabla sijauliza: umeharisha? umetapika? umekula na kunywa? ukisimama unaona kizunguzungu? Na dawa gani nyingine unameza? Hili la mwisho uliza kwa upole, kwa sababu wengi wana diklofenaki ya mgongo kwenye pochi na hawaihesabu kuwa dawa. Hiyo hupandisha presha, na ikikutana na hizo mbili za yule mama, figo ndizo zinazoumia.

Mwenye kizunguzungu, au mzee aliyeanzishiwa dawa mpya, mpime amelala, kisha amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, huyo asitembee peke yake. Mfundishe aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndipo ainuke. Dawa ya kukojosha mpe asubuhi, ukimpa jioni atakesha anakwenda chooni gizani.

Mengine kwa haraka. Nifedipini ya kutoa dawa polepole isisagwe kwa ajili ya mgonjwa anayelishwa kwa mpira wa puani, dawa yote itamwingia kwa mkupuo. Atenololi na propranololi zisikatwe ghafla bila daktari, na mwenye pumu asipewe kabla hujamuuliza daktari. Anayetumia enalaprili au kaptoprili akivimba midomo au ulimi, hiyo ni dharura, ita msaada papo hapo. Mjamzito asipewe dawa za kundi hilo kabisa.

Ukishampigia, andika kwenye faili: kipimo, saa, uliyeongea naye na alichoagiza. "Dawa haikutolewa" pekee haimsaidii wa zamu ya jioni.

Na huyo wa 94/60, hata ya leo ikisitishwa, amlodipini ya jana bado imo mwilini, hukaa zaidi ya siku moja. Mwambie asiende chooni bila kukuita, na umsogezee ndala zake karibu.