Barua Zinarudi Kila Msimu: Nifute Anwani za Wateja?

SWALI: Shikamoo dada. Nabangua na kufungasha korosho hapa Chikongola, Mtwara. Tangu 2014 nimekusanya barua pepe za wateja, zimefika kama 3,000. Nyingine waliniandikia kwenye daftari pale Nane Nane, viwanja vya Ngongo. Nyingine ni za wafanyakazi wa kampuni waliokuja enzi za bomba la gesi. Msimu ukifunguliwa nawatumia wote bei mpya. Safari hii mamia zimerudi. Tena mteja mmoja amenipigia kwa hasira: aliomba nimtoe, nikamfuta, lakini barua bado zinamfikia. Nikifuta nyingi si nitapoteza wateja?
Mbanguaji, Chikongola

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na huyo mwenye hasira, maana lake ni zito kuliko hizo mamia zilizorudi.

Ulipomfuta, ulifuta pia kumbukumbu kwamba alikataa. Kwa hiyo siku ulipoingiza upya majina ya daftari, au msaidizi wako alipofungua faili la mwaka juzi, aliingia tena kama mteja mpya. Anayeomba kutoka mhamishie kwenye orodha ya pili, ya wasiotumiwa. Ukurasa mwingine wa Excel unatosha: anwani yake na tarehe aliyokataa, basi. Kila unapotaka kutuma, linganisha kwanza orodha hizo mbili. Programu za kutuma barua kwa wingi hufanya hivyo zenyewe, ila ukihamia programu nyingine, hama na orodha ya waliokataa. Kumtoa ni haki yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Halafu mtu aliyechoshwa hapigi simu kila mara, wengi wanabonyeza tu “spamu”, yaani barua taka. Gmail inataka malalamiko ya namna hiyo yasifike asilimia 0.3. Kwa barua zako 3,000, hao ni watu tisa. Wakifika, hata mwenye hoteli anayesubiri bei yako ataikuta kwenye taka, kama ataikuta.

Sasa zilizorudi. Tafadhali usizifute kwa mkupuo. Fungua uone namba iliyoandikwa ndani. Ikianza na 4, tatizo ni la muda, mwache ujaribu tena baadaye. Ikiwa 5.1.1, anwani hiyo haipo. Lakini ukiona 5.7.1, mara nyingi mteja yupo, ni barua yako iliyokataliwa; ukimfuta huyo umejifukuzia mnunuzi bure.

Hata zile za 5.1.1 zipitie kwa jicho kabla hazijaondoka. Tafuta “gmial.com”, tafuta “gmail.con”, kisha rudi kwenye daftari la Ngongo uangalie kama sifuri uliyoisoma haikuwa herufi o. Mwandiko wa mtu aliyesimama juani, mfuko wa korosho mkononi, unadanganya sana. Kama aliacha na namba ya simu, mpigie.

Wale wa bomba la gesi, anwani zao za kazini nyingi zilikufa walipoondoka, hizo achana nazo. Na Google, tangu Desemba 2023, inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, hivyo usishangae anwani za 2014 kuzimika.

Wanabaki walio kimya, ambao barua hazirudi wala hawajibu. Usiamini sana takwimu ya “imefunguliwa”. Tangu 2021 iPhone zinaweza kupakua picha za barua bila mwenyewe kuisoma, na hapo inahesabiwa kuwa imefunguliwa. Angalia nani alijibu, nani alibonyeza kiungo, nani alinunua. Waliobaki watumie barua moja fupi mwezi Septemba, kabla minada haijaanza: “Bado unataka bei zetu za korosho?” Asiyejibu, acha kumtumia. Najua inauma kuona 3,000 inashuka pengine hadi 900, lakini hao wengine walishakuacha kitambo, na wewe unaendelea kulipia bando na programu kwa ajili yao.

Nane Nane ijayo liache daftari nyumbani. Mpe mteja simu aandike anwani yake mwenyewe, umtumie barua palepale, na akijibu tu ndipo umwingize.