Kwa nini unga (heroini) huua mtu aliyetoka kituoni kwa dozi ile ile

Umeuliza inakuwaje kijana amalize miezi mitatu katika kituo cha kutibu uraibu, arudie unga mara moja tu na kufariki kwa kipimo alichokuwa akikimudu. Waliojibu kwamba mwili umesahau wamesema kweli, ila hiyo ni nusu.

Usugu wa heroini, yaani mwili kuizoea hadi dozi ile ile isifanye kazi kama mwanzo, hauji kwa mwendo mmoja. Raha hupungua mapema, pumzi huzoea polepole, na choo kigumu hakizoeleki karibu kabisa. Kwa hiyo anayepandisha dozi akiifukuza raha anazidi kuhatarisha pumzi. Akiacha, usugu unaanza kushuka ndani ya siku chache.

Tamaa nayo haishuki hivyo. Panya akidungwa amfetamini, dawa ya kuchangamsha, kwa vipindi, huku akipumzishwa, kila sindano humfanya achangamke zaidi ingawa dozi haijabadilika, na hali hiyo hudumu miezi. Akimiminiwa mfululizo bila pumziko, mara nyingi huwa sugu. Wanasaikolojia Robinson na Berridge walieleza mwaka 1993 kwamba kwa binadamu pia kutamani huweza kuzidi hata raha ikiisha. Basi anayetoka kituoni ana kiu ya zamani na mwili mgeni.

Halafu kuna mahali, jambo ambalo familia hazilifikirii. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Siegel na wenzake waliwapa panya dozi kubwa ya heroini. Wasiowahi kuionja walikufa takriban 96%. Waliozoeshwa, wakapewa katika chumba kigeni, 64%. Katika chumba walichokizoea, 32%. Mwili hujikinga mapema ukiona dalili za kawaida: chumba, harufu, vifaa. Aliyezoea maskani yake mtaani Mathare, Nairobi, akijidungia lojing'i ya River Road, anakosa kinga hiyo.

Wa methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, pale hospitali ya Mathari au kwingineko: ukikosa siku tatu mfululizo, usidai dozi yako ya zamani, kwani usugu umeshaanza kushuka. Daktari akiipunguza hakuonei.

Mtu akizidiwa, midomo ikawa ya samawati na pumzi ikakatika-katika, maziwa na maji baridi ni kupoteza muda. Ita msaada, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde tano. Mdunge naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini, mg 0.4 kwenye msuli wa paja. Asipopumua vizuri baada ya dakika 2 au 3, rudia. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu. Ataamka na arosto, yaani mateso ya kukosa unga, pengine kwa matusi, akitaka kwenda kudunga tena. Mzuieni: naloksoni inaweza kuisha ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu, unga ukiwa bado mwilini.