Jina zuri la kampuni linaongeza ari ya wafanyakazi?

SWALI: Mimi ni afisa rasilimali watu katika kampuni ya mikopo yenye matawi tisa Kanda ya Ziwa. Tuliwapa wafanyakazi dodoso. Waliosema kampuni ina sifa nzuri mtaani ndio hao hao waliosema wanaipenda kazi na wanajituma. Sasa mkurugenzi anataka tutenge fedha za matangazo na kuwania tuzo ya mwajiri bora, akiamini jina likipanda na utendaji utapanda. Yuko sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya kumjibu mkurugenzi, litazame upya hilo dodoso. Mtu mmoja, kwa mkao mmoja, amepima sifa ya kampuni, mapenzi yake kwa kazi na bidii yake mwenyewe. Aliyeingiziwa kamisheni jana atayapa yote matatu alama za juu; aliyefokewa na meneja asubuhi atayashusha yote. Namba zitakwenda pamoja hata kama jina la kampuni halihusiki. Na bidii haiulizwi kwa mwenyewe (nani atajiandikia kwamba ni mvivu?). Taarifa zake mnazo kwenye mfumo: marejesho kwa wakati, mikopo chechefu (ile isiyolipwa inavyotakiwa), wateja waliorudi kukopa.

Sisemi jina si kitu. Mwaka 1991 Jane Dutton na Janet Dukerich walichapisha utafiti kuhusu Port Authority ya New York na New Jersey, mamlaka inayoendesha viwanja vya ndege, madaraja na stendi kubwa ya mabasi. Miaka ya 1980 watu wasio na makazi walijazana kwenye stendi hiyo na mamlaka ikasemwa vibaya. Wafanyakazi waliojivunia weledi wao waliona aibu ile ni yao, na aibu hiyo ikawa moja ya mambo yaliyoisukuma mamlaka kuchukua hatua. Kwenu ni hivyo hivyo. Afisa mikopo anayeulizwa msibani, "We si ndiye uko na wale wa kausha damu?", Jumatatu hataingia kazini na moyo ule ule.

Ila jina lenu ni moja kwa matawi yote tisa. Tuseme Geita watu wanajituma na Bunda wanaacha kazi kila mwezi: jina haliwezi kueleza tofauti hiyo. Utafiti wa Harter, Schmidt na Hayes wa mwaka 2002 ulichambua vitengo karibu 8,000 ndani ya kampuni 36, na vitengo vyenye ari kubwa ndivyo vilivyoelekea kuwa na wateja walioridhika zaidi, tija zaidi na watu wachache wanaoondoka. Dodoso lililotumika ni mali ya Gallup, kampuni ya Marekani ya utafiti wa maoni, ambao wanaliuza, kwa hiyo usome ukiwa macho. Lakini kilichopimwa kilikuwa kitengo kwa kitengo, na mfanyakazi wa kitengo anakutana na meneja wake kila asubuhi. Tangazo la redioni analisikia akiwa kwenye daladala.

Matangazo pia yanaweza kuwaumiza. Mkijitangaza kuwa mnajali watu huku kamisheni inachelewa na michango ya NSSF haijapelekwa, mtavuta waombaji wengi na kuwapoteza haraka. Maofisa mikopo wa kampuni zote wanajuana, wanakunywa chai kibanda kimoja. Anayetaka kuja kwenu ameshauliza.

Kwa hiyo mwombe mkurugenzi miezi sita. Pangeni matawi kwa walioacha kazi ndani ya muda wa majaribio, na pembeni muweke mikopo chechefu ya kila tawi, mwezi kwa mwezi. Matawi tisa ni machache kwa hesabu za kupima kama mambo mawili yanakwenda pamoja, lakini yanatosha kuonyesha pa kuanzia. Wapigie simu walioondoka, na apige mtu asiye meneja wao wa zamani. Waulize waliahidiwa nini siku ya usaili na walikuta nini. Tuzo mnaweza kuiwania mwaka ujao, kama tawi la mwisho kwenye orodha hiyo litakuwa limeacha kupoteza watu.